Nyayo za Kahawia Kwenye Nyasi za Mwalimu

Nyinyi vijana mkiingia agroveti kununua dawa ya magugu siku hizi mna swali moja tu: "Ipi ndiyo kali?" Mnauliza kama mtu anayenunua mbwa wa kulinda boma. Mwenye duka naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo anawapa ile yenye picha ya gugu lililokauka mpaka mzizi. Mnaibeba mkitabasamu, na wiki tatu baadaye mnanipigia simu. "Mzee Nyaga, njia ya gari imekuwa safi kabisa, lakini ua wa jirani umekauka. Tufanye nini?"

Mwombeni jirani msamaha. Hiyo ndiyo dawa, na haiuzwi agroveti.

Mimi nimeua magugu kwenye njia za watu tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa. Nilianzia shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Kianjai, nikashuka mpaka Kiritiri kwenye jua, nikamalizia hapa Embu mjini, mtaa wa Majimbo, kwenye nyumba za wastaafu wenye njia za matofali ya kabro na kipande cha nyasi mbele ya baraza. Wenzangu walijenga madaraja na kufundisha madaktari. Mimi nilihakikisha hakuna kitu kinachoota mahali gari linapopita. Si sifa ya kuandikwa kwenye jiwe la kaburi, ingawa hilo kaburi msipolipalilia mtaniaibisha.

Aliyenifundisha kazi ni M'Mwirichia, mkuu wa wafanyakazi wa uwanja pale shuleni, mtu mfupi wa Tigania aliyeongea na magugu kama polisi anavyoongea na mshukiwa. Alikuwa anachuchumaa njiani, analishika gugu shingoni, analiuliza: "Wewe unaitwa nani? Ulizaliwa na mbegu ama na mzizi?" Niliona ni uzee. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na jembe, na gugu kwangu lilikuwa gugu tu.

Siku hizo dawa zilikuwa chache, na mtu fulani alikuwa ameniambia chumvi inaua majani. Nikamwomba mpishi nusu gunia la chumvi ya mawe, nikaimwaga kwenye njia kutoka langoni hadi bwalo la chakula. Siku ya nne majani yalikuwa yamelala chini yote. Nikatembea pale nikiwa nimeweka mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu. Siku ya sita ng'ombe wa majirani walipata habari. Walibomoa ua, wakaingia kwa mstari, wakaanza kulamba njia ya shule. Mwalimu mkuu alikuwa anaingia na wageni. Wasichana walijaa madirishani, na hakuna aliyesoma hesabu saa hiyo.

M'Mwirichia alikuja, akasimama kando yangu, akatazama ule mkutano wa ndimi.

"Wewe Muembu," akasema, "nilikutuma uue majani. Nani alikwambia ufuge ng'ombe?"

Mvua iliponyesha, chumvi iliyobaki ikateremka hadi kwenye maua ya lango, nayo yakafa bila kulalamika.

Dawa zenyewe zilipokuja, tulianza na ile ya kuchoma. Hiyo ndiyo inayopendwa na watu wasio na subira. Unapuliza leo, kesho kutwa majani yamekauka kama yamepigwa pasi. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wenzangu. M'Mwirichia alinyoosha kidole tu. Kati ya mawe ya njia kulikuwa na ndago. Baada ya wiki mbili zile ndago zilirudi, na zilionekana kama zimetoka likizo. Akachukua kisu, akachimba, akanionyesha vitunguu vidogo vyeusi vilivyojificha chini, kimoja kimeshika mkono wa kingine.

"Umeikata nywele," akasema. "Kichwa kiko huku."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akiyauliza magugu jina. Lile lililozaliwa na mbegu juzi, kama kishonanguo kichanga, unaweza kulichoma majani likafa, au uling'oe kwa mkono bila kumtajirisha mtu. Lile lenye mzizi wa chini, ndago au sangari, linataka dawa inayonywewa: jani linainywa, linaishusha polepole mpaka kwenye mzizi, na kwa siku saba, kumi, hakuna dalili. Mwenye nyumba anakutazama kama mwizi. Vumilia. Usiende kuikatakata ndago eti uisaidie kufa. Ukikata jani, dawa itapitia wapi?

Na hiyo dawa inataka maji safi. Hilo nililijua kwa aibu kule Kiritiri, nilipoichanganya na maji ya kahawia ya bwawa. Udongo uliomo majini huishika dawa, nayo haifanyi kazi tena. Nilipuliza uwanja mzima chini ya jua lile, nikaosha uso, nikaenda nyumbani. Magugu yalinishukuru kwa kunyweshwa wakati wa kiangazi.

Ni mwenye uwanja huo huo, bwana mmoja anayeitwa Nthiga, aliyeniambia hataki tena michezo yangu, anataka kitu chochote kisiote pale kwa mwaka mzima. Uwanja wake ulikuwa wa udongo wa maramu, malori ya mchanga yaliegesha hapo. Nikaleta dawa ya aina ya tatu, ile inayokaa ardhini. Hiyo haingoji jani, inalala kwenye udongo na kila kinachotoa kichwa inakikata. M'Mwirichia alikuwa amenionya juu yake. "Hiyo haijui mpaka wa ploti," alisema. Lakini M'Mwirichia alikuwa Kianjai, na Nthiga alikuwa mbele yangu na kofia yake. Uwanja ulikuwa na mteremko kidogo. Chini ya mteremko Nthiga alikuwa amepanda miti sita ya mbao, mikau, aliyoitunza kama wanafunzi wa sekondari. Mvua ya kwanza ikabeba dawa. Majani ya mikau yakaanza kugeuka njano kutoka kwenye ncha, kisha mmoja baada ya mwingine ikakauka imesimama.

Nthiga hakunipiga. Aliniita, tukasimama pale wawili kama watu waliofiwa.

"Nyaga," akasema, "mimi nilikuambia kitu chochote kisiote. Sikujua wewe ni mtiifu namna hii."

Tangu siku hiyo, dawa inayokaa ardhini sijaiweka mahali penye mteremko, wala karibu na mzizi wa mti wa mtu, wala upande wa juu wa kisima. Na hapa mlimani kwetu nionyesheni mahali pasipo na mteremko.

Sasa mniruhusu niwaambie juu ya Mwalimu Ciarunji, kwa sababu kwake nilichagua dawa sawasawa, nikatumia maji safi, siku haikuwa na upepo wala mvua, na bado niliharibu.

Mwalimu Ciarunji alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kustaafu hakukumpunguzia kitu. Nyumba yake Majimbo ilikuwa na njia ya kabro kutoka langoni hadi barazani, na kando ya njia nyasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga. Hata kuku wa jirani walizunguka. Pembeni mwa nyasi kulikuwa na mpera, na mapera yake pia yalikuwa na ratiba.

Mume wake, Mzee Njiru, alikuwa ameanguka ghafla mwaka uliotangulia, upande mmoja wa mwili ukalala. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu barazani, blanketi magotini, viatu vya sponji miguuni. Mwalimu alimlisha uji kwa kijiko, alimfuta mdomo, na kila asubuhi alimsomea gazeti kwa sauti ile ya darasani, akisahihisha Kiswahili cha waandishi huku akisoma. Watu wa kanisa walisema hawajaona mke kama yule. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma mama huyo. Alikuwa amekonda.

Ndago ziliota kwenye nyufa za kabro. Nikamwambia, Mwalimu, hapa tunatumia dawa ya kunywewa, lakini nyasi ziko karibu, kwa hiyo nitashusha mdomo wa pampu chini kabisa, na kwenye ukingo nitapaka kwa brashi. Akakubali. Jumanne, saa nane mchana, akaenda mkutano wa akina mama kanisani. Kwenye lango akageuka.

"Nyaga, mtu yeyote asikanyage nyasi zangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikapuliza njia yote. Nakiri, niliongeza kifuniko kimoja cha dawa juu ya kipimo, kwa ajili ya ndago, kwa sababu mtu hata akifundishwa miaka mingi bado ana ujinga wake wa akiba. Kisha jambo la pili: kamba yangu ya kufunga njia hadi ikauke ilikuwa mfukoni, sikuifunga. Nani angepita? Mama ametoka. Mzee hawezi kutembea. Nikaenda nyuma ya nyumba kuosha pampu, mara tatu, kama inavyotakiwa, na maji ya kuoshea nikayarudisha kwenye marundo ya changarawe yaliyoota majani, si kwenye mfereji. Ilichukua muda.

Niliporudi, Mzee Njiru alikuwa kwenye kiti chake kama nilivyomwacha. Pumzi zilikuwa zikienda mbio kidogo. Akaniuliza, ulimi ukiwa mzito:

"Nyaga, hiyo dawa... inadhuru mtu?"

"Usiinywe, Mzee. Na usishike mahali pabichi kisha ule kitu bila kunawa."

Akafikiri. "Niletee maji na sabuni," akasema.

Nikamletea, nikamwosha mikono, nikiwaza jinsi wazee wanavyopenda usafi.

Siku ya kumi Mwalimu akanitumia mtu: njoo sasa hivi. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa nyasi, mikono kiunoni. Ndago zilikuwa zimekufa vizuri sana. Lakini kutoka kwenye njia, kuvuka nyasi za kijani, kulikuwa na nyayo. Nyayo za kahawia, zimekauka, moja mbele ya nyingine, kama mtu amepiga muhuri. Zilielekea kwenye mpera zikififia kidogo kidogo. Na zilienda tu. Hazikurudi.

"Ni mzuka?" akauliza Mwalimu. "Mtu ameingia kwenye nyasi zangu akapaa mbinguni?"

Nilichuchumaa. Kwa nini hazikurudi nilielewa: soli ilikuwa imenyonya dawa njiani, ikajifuta hatua kwa hatua, na wakati wa kurudi ilikuwa kavu. Lakini ilikuwa soli gani hiyo, ya kubeba dawa mbali hivyo? Kitu kinachonyonya. Sponji. Nikatazama tena. Unyayo wa kushoto ulikuwa safi. Wa kulia ulikuwa na mkia, mahali mguu ulipoburutwa.

Niliinua macho barazani. Mzee Njiru alikuwa ananitazama. Sijawahi kuona mtu akiomba kwa macho namna ile, na nimewahi kukaa na wadeni.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Nilisahau nikapita na gambuti zangu."

"Gambuti zako zina meno chini kama tairi," akasema. "Hizi ni laini. Nyaga, mimi nimesoma insha za uongo miaka thelathini. Hii yako haifikii hata alama ya kupita."

Akaanza kuzifuata, yeye mwenyewe akikanyaga nyasi zake. Nilimfuata nyuma. Chini ya mpera alisimama. Pale alama zilikuwa hafifu, njano tu, lakini zilionekana: ncha mbili za viatu, kushoto na kulia, zimebonyea ardhini, bila visigino. Mtu alikuwa amejinyoosha. Juu ya alama hizo kulikuwa na tawi, na kwenye tawi kikonyo kilichovunjwa.

Mwalimu Ciarunji aliweka mguu wake kando ya alama zile, akainua kisigino, akajaribu kulifikia tawi. Akashusha mkono. Mimi nilianza kuwaza nitahamia mtaa gani.

"Alisimama kwa vidole," akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Juzi nilimkata kucha amelala, akaniambia huo mguu hausikii kitu."

"Mwalimu, labda..."

"Nyamaza kidogo."

 Akafuta macho kwa pembe ya leso, mara moja tu, kisha akageukia nyumba, akavuta pumzi, na akanipigia kelele ambayo ilisikika hadi barabarani.

"Wewe Nyaga! Wewe ni mzembe kabisa! Unatembeaje kwenye nyasi zangu na viatu vyenye dawa! Mtu mzima kama wewe! Hujui hata kazi uliyofanya tangu ujana!"

Majirani walitoka. Nilisimama pale na kofia mkononi. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Samahani, Nyaga. Utapanda nyasi mpya. Na hili jambo halitatoka kwako."

Kisha akaingia jikoni kupika uji.

Nilikuwa nimeanza kung'oa nyasi zilizokufa wakati Mzee Njiru aliponiita barazani. Alinishika mkono kwa ule mkono wake uliokufa, na ulinishika vizuri sana, nilibaki na alama.

"Asante," akanong'ona, na ulimi haukuwa mzito hata kidogo. "Nyaga, usinihukumu. Nimemwoa huyu mama miaka arobaini. Miaka yote hiyo shule ilikuwa inamngoja. Nikirudi jioni ananiambia, chakula kiko kwa sufuria. Jumapili alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Kisha nikaanguka. Sasa ananisomea gazeti. Ananifuta mdomo." Akatazama mlango wa jikoni. "Nilianza kupata nguvu miezi miwili iliyopita. Wewe ungekuwa mimi, ungeharakisha kupona?"

 Kazi yangu ni magugu.

Mwalimu akatoka na bakuli. Mkono wa Mzee ukaanguka juu ya blanketi kama kitambaa. Mama akavuta kiti, akapoza kijiko cha kwanza, akapuliza, akamlisha. Kisha akafungua gazeti, akasoma, na kwenye sentensi ya pili akasema mwandishi huyu angerudia darasa la sita. Mzee akacheka upande mmoja wa mdomo.

Basi nikawa mtu wa siri mbili. Mzee alidhani mkewe hajui. Mwalimu alitaka mumewe adhani hajui. Na mimi niliyekuwa najua yote nilikuwa, kwa habari zilizotangazwa mtaani siku hiyo, mzembe aliyekanyaga nyasi kwa viatu vya dawa. Nyumba mbili za Majimbo ziliniachisha kazi wiki ile ile. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba labda umri umeanza. Ningejitetea vipi? Nilisema, "Labda, mama," nikabeba pampu yangu.

Sasa, vijana, kabla hamjaniuliza kama Mzee alipona: jifunzeni kwanza kosa langu, kwa sababu nimewaita hapa kwa ajili ya kazi. Njia iliyopulizwa ifungwe kwa kamba hadi ikauke, hata kama mnaamini hakuna mguu unaoweza kupita. Hamjui miguu ya watu. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni kipimo, si maoni. Karibu na nyasi tumia brashi, au kisu na subira, kwa sababu dawa ya kunywewa haichagui kati ya ndago na nyasi iliyopandwa kwa upendo. Na osheni soli zenu kabla ya kutoka kwenye njia, si baada.

Nyasi mpya zilishika baada ya mwezi. Nilikuwa nakwenda kuzimwagilia, na nikaona Mwalimu Ciarunji amepata mikutano mingi. Zamani ilikuwa Jumanne tu. Sasa ilikuwa Jumanne na Alhamisi, kisha Jumamosi pia, saa nane hadi saa tisa, bila kukosa. Alivaa nguo za kutoka, akamfunika Mzee blanketi, akamwambia asiondoke, jambo ambalo Mzee aliitikia kwa huzuni kubwa. Kabla ya kufunga lango aliniambia, "Nyaga, siku zangu za mkutano usipulize kitu chochote kwenye hii njia." Na mimi nilichukua mpira wangu wa maji, nikahamia nyuma ya nyumba, nikakaa huko.

Alhamisi moja nilitumwa sokoni kununua mbegu. Nilipopita kwenye duka la fundi wa nguo, nilimwona Mwalimu amekaa ndani kwenye benchi, mkoba magotini, hana nguo ya kushonwa wala mtu wa kuongea naye. Alikuwa anatazama saa yake.

"Mwalimu," nikasema, "mkutano umekwisha? Nikubebee mkoba tupande pamoja?"

"Bado," akasema, akisogea kunipa nafasi kwenye benchi. "Kaa, Nyaga. Leo nimempa dakika kumi zaidi. Nataka afike langoni."